Mchanganyiko wa Mama Povu

Spika alikuwa haongei, alikuwa anatangaza. Akitaka chumvi mezani, nyumba ya tatu walijua chakula hakijakolea. Akikosa kiatu kimoja, mtaa mzima ulikaa unawaza kitakuwa kimeingia wapi. Wala hakuwa na hasira, maskini, ni koo tu alilojaliwa. Na koo hilo ndilo lililokuwa linawalisha yeye na mkewe, maana kazi yake ilikuwa kuuza mitumba sokoni, na sokoni mwenye nguo nzuri asiye na sauti hurudi nazo nyumbani, lakini mwenye sauti huuza hata soksi moja isiyo na mwenzake. Spika aliwahi kuiuza. Aliyeinunua alirudi wiki iliyofuata kuuliza kama ile nyingine imepatikana.

Mkewe, na huyu ndiye tunayemzungumzia hasa, alikuwa kinyume chake. Watu walimwita Mama Povu kwa sababu alikuwa anatengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuiuza kwa kikombe. Maneno yake yalikuwa machache, na hata hayo machache aliyatoa kama mtu anayeombwa kuazima mswaki wake. Neno alilomwambia mumewe mara nyingi kuliko yote katika ndoa yao lilikuwa "Punguza." Hakusema apunguze nini. Haikuwa lazima.

Uani kwake kulikuwa na pipa la sabuni, pipa la blichi ya nguo nyeupe, na pipa la asidi ya choo. Wateja walikuja na chupa zao tupu, za maji, za soda, za mafuta ya kupikia, naye akawapimia. Ili watu wasije wakakosea alikuwa na utaratibu wake: kifuniko chekundu ni asidi, cha buluu ni blichi, cheupe ni sabuni. Asiye na kifuniko cha rangi yake alirudishwa kwao akakitafute, hata kama mvua inanyesha. Kila mteja aliambiwa aweke chupa mbali na watoto. Kwa hiyo asije mtu akasema alikuwa mzembe. Alikuwa mwangalifu sana, mwangalifu kwa kila kitu isipokuwa kimoja.

Hicho kimoja kilitokana na imani yake kwamba umoja ni nguvu. Kwa watu wengine methali hii ni ya kuanzisha vikundi na kusukuma gari lililokwama. Mama Povu aliitumia mpaka jikoni. Kikohozi kikimshika, alichanganya dawa mbili katika kijiko kimoja. Uji wake ulikuwa na kila nafaka iliyopatikana dukani. Gundi ya viatu aliichanganya na gundi nyingine, na kiatu kikashika kweli, kikashika na mkeka. Alipokuwa msichana, kabla ya biashara ya sabuni, alikuwa mfagizi katika jengo la ofisi, na huko ndiko alikogundua kwamba ukimwaga asidi na blichi pamoja, choo kinatoa harufu ya kukata pua na macho yanatoka machozi. Alifungua dirisha, akatoka nje akakohoa, akarudi ameridhika. Dawa isiyokuliza, alisema, hayo ni maji tu.

Kuna atakayeuliza: kwani hakufundishwa? Alifundishwa. Kikundi cha akina mama kilileta mwalimu wa kutengeneza sabuni, na mwalimu alifundisha vizuri, na somo la mwisho lilikuwa la hatari: nini kisikutane na nini, na kikikutana kinatokea nini. Wakati wa somo hilo Mama Povu alikuwa ametumwa kuchukua vitafunio vya wajumbe. Alirudi wakati wa makofi. Akapiga makofi pamoja na wenzake, akapewa cheti.

Sasa tuje kwa nyigu.

Walijenga bafuni. Bafu lenyewe lilikuwa uani, chumba chembamba cha matofali, mlango wa bati, na juu ukutani tundu moja la hewa. Kiota kilianza kwenye pembe ya paa kikiwa kidogo kama kifuniko cha chupa, na hakuna aliyejali. Kikakua. Nyigu kwa kawaida wana shughuli zao. Ukioga kimya, nao watakuacha uoge. Lakini Spika lini alioga kimya? Bafuni ndiko alikofanyia mazoezi ya maneno ya siku, kwa sababu kuta zilimrudishia sauti yake naye alipenda kuisikia ikirudi. Asubuhi moja, katikati ya "njooni, njooni," nyigu mmoja akaitika mwito, akaja, akamchoma mdomo wa juu.

Mdomo ukavimba, na ilikuwa siku ya gulio kubwa. Spika akaenda hivyo hivyo, kwani angefanyaje? Herufi zote zinazohitaji midomo ikutane zilimshinda, na mashati, blauzi na magauni ya bibi harusi huwezi kuyatangaza bila hizo. Watu walisimama wakacheka, na mtu akishacheka vya kutosha huondoka. Alirudi na mzigo wake kama alivyoubeba asubuhi.

Hapo Mama Povu alikasirika. Yeye alikuwa hazipendi kelele za mumewe, ndiyo, lakini zilikuwa kelele za mumewe, na wa kuzikataza alikuwa yeye, si mdudu.

"Hawa nitawamaliza," alisema. "Mdomo wako ndio sahani yetu."

"Tumwite yule jamaa wa kufukiza wadudu," Spika akasema, kwa shida, mdomo ukiwa bado umemtangulia.

"Wa nini? Mimi mwuza dawa, na mapipa yangu hapa, nimwite mtu aje na kidumu chake? Watu wataniangaliaje?"

"Watakuangalia tu."

"Nyigu ni wakali. Basi na wao watakutana na wakali. Tena wawili kwa pamoja."

Walisubiri uvimbe uishe. Kisha jioni moja, jua likiwa bado lipo na nyigu wamesharudi kwao, wakajiandaa. Wa kuingia alikuwa Spika, kwa sababu alikuwa mrefu. Alivaa koti zito la nchi za theluji ambalo lilikaa mezani kwake miaka bila kuulizwa hata bei, glovu za golikipa, na kichwani pazia la neti. Alitoka uani kama bibi harusi anayekwenda kupigana. Mama Povu akamkabidhi ndoo yenye blichi na jagi la asidi, na akampa maagizo. Maagizo hayo baadaye yalimkosesha usingizi, lakini wakati huo aliyaona ni ya akili kabisa.

"Usichanganye hapa nje. Changanya ukishakuwa ndani, mlango umefungwa. Ukichanganya nje, nguvu yote inaruka na upepo."

"Nikishachanganya?"

"Unawarushia, unatoka."

"Na wao wakitaka kutoka?"

"Ndiyo maana nitaushika mlango."

Umeona hesabu hiyo? Harufu kali ndiyo nguvu. Harufu isipotoka, nguvu inabaki kazini. Haina kasoro, ukiacha kwamba ndani kulikuwa na mtu. Spika akainama, akaingia. Mama Povu akafunga mlango, akachomeka kitambaa kilicholowa chini ya bati pasibaki upenyo, akaegemea kwa mgongo.

"Karibuni, karibuni!" sauti ya Spika ikasikika ndani. "Leo hakuna bei, leo ni bure!"

"Punguza," akasema Mama Povu.

Akasikia jagi likimiminwa, na ndoo ikirushwa. Kisha mumewe akapiga ukelele, na mlango ukapigwa teke.

Hebu niambie, ungekuwa wewe ungefanya nini? Mtu huyu alishaupiga ukelele huo huo kwa sababu ya mende. Alishaupiga povu lilipomwingia jichoni. Alikuwa anaupiga kila timu yake inapofungwa, na timu yake ilikuwa inafungwa kila wiki. Jirani aliyekuwa anaanua nguo aliusikia vizuri, akasema "Spika leo amepania," akaendelea kuanua. Mama Povu alijua nyigu wametoka kiotani, na kwamba akifungua tu, watahamia chumbani. Akakaza mgongo.

"Vumilia kidogo, mume wangu," alisema kupitia bati. "Wanakufa hao."

Bati likapigwa tena, kwa nguvu, kisha kwa nguvu kidogo. Kikasikika kikohozi, kikafuatwa na kingine. Baada ya hapo kukawa kimya.

Na hapa tuseme kama ilivyokuwa, kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakulificha: kimya kile kilimfurahisha. Alisimama ameegemea mlango, jua likimpiga usoni, akasikia bomba la jirani linadondosha maji, akasikia ndege. Akajisemea moyoni, alaa, kumbe uani kwetu kuna ndege. Alisikiliza ndege hao kwa muda. Si muda mrefu, lakini ulikuwa muda. Ndipo harufu ikapenya chini ya kitambaa ikamshika koo, na akakumbuka kwamba Spika hajawahi kunyamaza. Hata usingizini hanyamazi.

Akafungua. Mumewe akaangukia miguuni pake, uso mbele.

Ndani hewa ilikuwa na rangi, rangi ya manjano iliyochakaa, na Mama Povu alipovuta pumzi moja tu aliona kifua kimefungwa kwa kamba. Akaishika kofia ya lile koti, akamburuta mtu mzima mpaka katikati ya uani. Macho ya Spika yalikuwa mekundu na yanatiririka, midomo imebadilika rangi, na kila alipotaka kuvuta pumzi ilitoka mluzi. Mama Povu akapiga ukelele. Hakuwa amewahi kupiga ukelele maishani mwake, na majirani wakaja mbio wote kwa wakati mmoja, kwa sababu hawakuijua sauti hiyo ni ya nani.

Wakaja na elimu zao. Mmoja alisema apewe maziwa, mwingine mafuta ya kula, mwingine akasema alazwe, mwingine akasema asilazwe kabisa. Mwenye maziwa alikuwa mwepesi kuliko wote, akammwagia, na mengi yakaishia kwenye koti. Kwa bahati mwenye teksi wa nyumba ya kona alikuwa amerudi kula, na yeye hakusema kitu chochote, alifungua mlango wa gari.

Nyigu, kama unataka kujua habari zao, walitokea kwenye tundu la hewa mara tu harufu ilipoanza. Wao walikuwa na dirisha.

Hospitalini walimvua lile koti na nguo zote, wakamwosha macho kwa maji mengi, wakamwekea hewa ya mtungi puani. Daktari alikuwa dada mmoja mwenye sauti ya taratibu. Akamgeukia Mama Povu.

"Amevuta nini?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Ya nyigu."

"Hiyo ya nyigu ni dawa gani, mama? Nataka nijue ninachokitibu."

Mama Povu akageuka kutazama mlangoni. Wafagizi wa hospitali hiyo hiyo walikuwa wananunua kwake. Mmoja alikuwa amesimama pale pale na fagio, ameacha kufagia. Akilisema jina la bidhaa zake mbele yake, kesho nani atakuja na kifuniko? Wifi yake, dada wa Spika, alikuwa ameshafika. Huyu alikuwa na duka la vyombo na ulimi wa kupasulia kuni.

"Sema," wifi akamwambia. "Kaka yangu anapiga miluzi hapo. Au na hilo nalo unataka apunguze?"

"Ni blichi na asidi ya choo," akasema Mama Povu. "Nilimwambia mimi achanganye. Nilimwambia achanganyie ndani. Na mlango nilikuwa nimeushika mimi."

Daktari hakushangaa, na hilo lilimuuma Mama Povu kuliko kama angekaripiwa. Kumbe lilikuwa jambo linalojulikana, lina hata jinsi ya kulitibu. Daktari akamweleza bila kupandisha sauti: kila moja ikikaa peke yake ina kazi yake, lakini zikikutana zinazaa hewa ya sumu, na hewa hiyo haichagui, inaanza na aliyeshika ndoo. Akasema amewahi kumpokea mtu aliyemwagia kiota petroli huku jiko la mkaa linawaka hatua chache, na mwingine aliyepuliza dawa ya mende mpaka akazimia yeye.

"Watu wanamwogopa nyigu kwa sababu wanamwona," akasema. "Chupa ya nyumbani hawaiogopi."

"Atapona?"

"Mapafu nategemea yatapona. Koo ndilo limeungua. Mle ndani alikuwa anapiga kelele, eti?"

"Ndiyo."

"Muda mrefu?"

Mama Povu akaliokota lile koti, akaanza kulikunja.

"Kila alipopiga kelele, alilazimika kuvuta pumzi nyingine," daktari akasema, akaandika.

Spika alikaa wodini mpaka wagonjwa wengine wakamzoea. Huku nyumbani nyigu walikuwa wamesharudi kiotani, na jamaa wa kufukiza wadudu aliitwa. Alikuja amevaa mavazi yake ya kazi, akasubiri nyigu walale, akapuliza unga wake, akakishusha kiota akakitia kwenye mfuko wa plastiki. Chai aliyokuwa amewekewa ilikuwa bado ya moto. "Mbona hamkuniita mapema?" akauliza, kwa nia njema kabisa. Mama Povu akamsimulia yote, mpaka ya wale ndege, naye akanywa chai yake akaenda.

Mume akaruhusiwa kurudi. Kifua kilikuwa kinaendelea vizuri, lakini alipofungua mdomo, kilichotoka kilikuwa mkwaruzo, kama kiti kinachoburutwa chumba cha pili. Walisema atulize koo, akatuliza. Walisema arudi kliniki, akarudi. Walichungulia kwa mashine, wakasema nyuzi za sauti zina makovu, na zitakachoweza kufanya zitafanya. Mwisho daktari akasema ukweli: ataongea, lakini kutangaza asahau.

Asahau kutangaza! Umwambie samaki asahau maji. Spika alirudi sokoni na kengele. Akaigonga siku nzima, na waliokuja ni watoto, wakidhani kuna aiskrimu. Akajaribu kuinua mashati na kuyapunga tu, na watu wakapita wakidhani anafukuza inzi. Kulia kwake kijana wa viatu alikuwa anatangaza, kushoto kwake mama wa mashuka alikuwa anatangaza, na yeye katikati alikuwa shimo. Akaanza kurudi mapema. Kisha akaanza kutokwenda. Alikaa uani anakunja mashati yaliyokwisha kukunjwa, na nyumba ikawa na ukimya ule ambao mkewe aliuomba miaka yote. Sasa alikuwa nao wote, ndege pamoja nao.

"Ulitaka anyamaze," wifi alimwambia siku alipokuja na chungu cha mchuzi. "Haya, amenyamaza." Akaweka mchuzi mezani, akaondoka.

Mama Povu akalia. Alilia kwa nguvu, mbele ya mapipa yake, wala hakujali nani anamwona. Jambo hilo la muda ule mlangoni, lile la kusikiliza ndege, alikuwa amemweleza kila mtu, daktari, wifi, hata jamaa wa nyigu, isipokuwa mumewe. Mumewe alikuwa hamlaumu, na mtu asiyekulaumu utamwambia nini? Biashara yake aliendelea nayo, maana watakula wapi, lakini sasa mteja akija kuchukua kikombe cha blichi aliondoka na hotuba: usichanganye na asidi, usichanganye na kitu chochote, ukiona mdudu mkali mwite mwenye kazi yake. Watu walianza kusema Mama Povu siku hizi ana maneno. Wengine walihama wakanunue kwingine, ambako mtu anapimiwa akaenda zake.

"Nigombeze," alimwambia Spika siku moja. "Hata kidogo tu."

Spika akatikisa kichwa. "Kidogo siwezi," akakwaruza. "Sijawahi."

Aliyewasaidia alikuwa fundi redio, mwenye kibanda pale pale sokoni. Alikuwa amechoka kuiona meza ya Spika imekaa tupu, akawaita wote wawili. Akawaonyesha kipaza sauti cha mkononi ambacho unakirekodia maneno, kisha kinayarudia chenyewe mpaka betri iishe. Tatizo ni nani atarekodi. Mama Povu akajitolea, akasogea, akasafisha koo, akasema, "Njooni mnunue mashati." Fundi akairudisha wakaisikiliza.

"Mama," fundi akasema, "hapa watu watakuja na rambirambi."

Hata Spika alicheka, mabega yakapanda yakashuka bila sauti. Fundi akakuna kichwa. "Hakuna mahali sauti yake ya zamani imebaki? Hata kwenye simu? Hakuwa anakutumia ujumbe wa sauti?"

Alikuwa anatuma. Tena kila siku ya soko. Mama Povu akaitoa simu polepole, akampa. Fundi akapandisha kwa kidole, akapandisha, akapandisha.

"Mbona zote hazijafunguliwa?"

"Nilikuwa namwambia aniandikie," Mama Povu akasema, akiangalia nyaya za mezani. "Sauti yake si naijua."

Fundi hakusema kitu, maana na yeye ana mke. Akabonyeza mmoja wa zamani. Kibanda kikajaa Spika. Alikuwa Spika yule yule, mzima, ametoka wapi sijui, mpaka kijana wa viatu akachungulia mlangoni na kiatu mkononi.

"Mke wangu! Mashati hayo, chagua mwenyewe baba, ukichelewa usinilaumu! Mke wangu, unanisikia? Kuna gauni hapa la buluu limefunguliwa sasa hivi, ukilivaa wewe watu watahama njia. Nimekuwekea chini ya meza. Njooni mama, njooni, leo ni leo! Ukilitaka uniambie, kuna mtu analing'ang'ania. Unanisikia, mke wangu? Chagua, chagua, chagua!"

Ikaisha. Nje soko liliendelea na kelele zake. Mama Povu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Lile gauni," akasema. "Liko wapi?"

"Niliuza," Spika akakwaruza.

"Kwa nini?"

"Hukujibu."

Alisema hivyo tu, bila ubaya, kama mtu anayeulizwa njia. Ndipo Mama Povu akamweleza, pale pale, mbele ya fundi na kijana wa viatu: kwamba alimsikia anapiga bati, kwamba alidhani ni kelele zake tu, kwamba aliponyamaza alifurahi, akasimama akasikiliza ndege. Spika alimsikiliza mpaka mwisho. Akainama kidogo, kwa sababu ili umsikie siku hizi lazima asogee karibu, akamwambia, "Mimi mwenyewe ningedhani ni kelele." Halafu akamshika bega, wala hakuliachia.

Fundi akapenga kamasi, akasema atayakata yale maneno ya mke yabaki mashati peke yake, kazi ndogo. Spika akakataa kwa kidole. Yabaki.

Gulio lililofuata kipaza sauti kikawekwa juu ya meza, na Mama Povu akaacha mapipa yake akaja kukaa pembeni na kupokea pesa. Sauti ikatoka, ikapita juu ya viatu, ikapita juu ya mashuka, ikafika mpaka kwenye mboga. Watu wakageuka. Wakasogea. Wengine walikuja kwa ajili ya mashati, wengine walikuja kumtafuta huyo mke, na Spika alikuwa anakunja, anapima, anafunga, jasho linamtoka, hana hata nafasi ya kukwaruza. Maneno yakifika mwisho, mashine inaanza upya.

Mteja mmoja, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, alisikiliza mara ya kwanza, akasikiliza mara ya pili, blauzi mkononi.

"Huyu mke naye," akasema. "Mtu anaitwa hivi, hajibu?"

Watu wakacheka. Spika akaendelea kufunga mzigo wa mtu, hakuinua kichwa. Mashine ikazunguka tena. "Unanisikia, mke wangu?"

Mama Povu akasimama.

"Nakusikia!" akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye meza za viatu. "Nakusikia, mume wangu. Liache hilo gauni, nakuja kulichukua."

Kipaza sauti hakikumsubiri. Kilishafika kwenye mashati.